Mwalimu Wangu Alipohamia Pwani

Jioni moja ya mwezi wa Desemba mwaka 2023 walinijia nyumbani wageni wawili: mdogo wake Mwalimu wangu, na mwanawe wa kwanza. Kabale kuna baridi karibu mwaka mzima, na jioni ile ukungu ulikuwa umeshuka mabondeni mapema, hata wageni wakaingia wamejikunja ndani ya makoti yao. Tuliwasogezea jiko la mkaa, tukawapa bushera ya moto, yaani uji wetu wa mtama, na baada ya kuulizana habari za watu na za mashamba, yule mdogo mtu akatoa neno lililomleta.

"Wewe ndiwe mtu ambaye kaka yangu humsikiliza," alisema. "Shule zimefungwa. Twakuomba uende Malindi ukamrudishe."

Akaweka bahasha mezani. Nauli walikuwa wamekwisha kuichanga.

Sikushangaa sana, kwa maana habari ya Mwalimu kuhamia pwani ya Kenya ilikuwa imesemwa na kurudiwa mlimani kwetu tangu mwaka 2015. Watu wetu wanaelewa mtu kwenda mbali kutafuta kazi. Wanaelewa pia mtu kwenda mbali kukimbia vita, kwani hayo tuliyaona. Lakini mtu aliyekwisha kumaliza kazi, mwenye nyumba yake ya mabati na shamba lake la viazi, kufunga mzigo akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja na kwenda kukaa kwa watu wasio wa ukoo wake, kwa sababu eti huko kuna joto! Jambo hilo lilikuwa halina jina.

Hata hivyo nilipowasikiliza zaidi nilitambua kuwa joto halikuwa shida yao. Shida ilikuwa engozi. Msomaji asiyeijua milima ya Kigezi hana budi nimweleze. Engozi ni machela ya kufumwa, yenye miti ya kuchukulia mabegani, ambayo kwayo mgonjwa huteremshwa kutoka mlimani kupelekwa hospitali, na maiti hurudishwa nyumbani kuzikwa. Gari haifiki kila mahali kwetu. Kwa hiyo kila kijiji kina chama cha engozi, chenye mwenyekiti, katibu na daftari; mgonjwa akipigiwa mbiu, kila mwanachama hutoka, na asiyetoka hutozwa faini. Siku hizi vyama hivi hukopeshana fedha pia, lakini shina lake ni bega. Mimi nakubeba leo, wewe utanibeba kesho. Naye Mwalimu, ingawa alituma ada yake kila mwaka bila kukosa, alikuwa hajambeba mtu kwa miaka minane, na wenziwe walikuwa wameanza kuuliza kikaoni siku yake itakapofika nani atamtoka.

Mwalimu huyu ndiye aliyenifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari tangu mwaka 1994, wakati ambapo kusoma Kiswahili katika Uganda kulihitaji moyo. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini kwa wazee wetu kilibaki kuwa lugha ya askari wa vizuizini, nacho kilisikika katika amri na vitisho kuliko katika salamu. Mwalimu alikuwa amekikuta kwa sura nyingine. Alikimbilia Tanzania akiwa kijana, akaishi Bukoba, akasomea ualimu huko huko, na aliporudi mwaka 1980 alirudi na Kiswahili cha watu waliompa chakula na mahali pa kulala. Alikifundisha kwa wivu. Nakumbuka katika insha moja niliandika neno "yuwaja" nililolikuta katika kitabu cha zamani, nikijiona bingwa; akalipiga mstari mwekundu, akanitoa alama mbili, na pembeni akaandika, "Si Kiswahili sanifu." Sikubishana naye. Mvulana wa Kikiga angejua nini?

Alistaafu mwaka 2014 alipotimiza miaka sitini, kama sheria ya watumishi wa serikali ya Uganda inavyotaka. Tulimfanyia karamu. Katika hotuba yake alitukumbusha kwamba kustaafu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kwamba maana yake ya awali ni kuomba kuachiliwa. Akasema yeye hakuomba, ila magoti yake yamemwombea. Sote tulicheka. Magoti hayo hayakuwa mzaha. Alikuwa na ugonjwa wa viungo ambao Waswahili huuita baridi yabisi, na asubuhi za Juni na Julai, kipimajoto kinapoteremka hata nyuzi 10, alikuwa akichukua nusu saa kutoka kitandani hadi mlangoni. Sisemi kuwa joto huponya ugonjwa huo. Hayo ni ya waganga. Ninachojua ni kwamba alikuwa ametazama ramani na kuona jambo ambalo darasani alipenda kutuuliza kama kitendawili: Kabale i karibu na mstari wa Ikweta kuliko Malindi, na bado Kabale hutetemeka na Malindi hutoka jasho. Jibu lake ni mita 2,000 za mwinuko. "Basi mimi," aliniambia, "sihami nchi. Nateremka ngazi."

Ngazi hiyo ina zaidi ya kilomita 1,600. Chini yake alikuwako rafiki. Katika miaka ya tisini Mwalimu alihudhuria semina ya walimu wa Kiswahili mjini Mombasa, akakaa kiti kimoja na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Malindi, na kwa miaka kumi na minane waliandikiana barua, nyingi zikiwa za kubishana juu ya maneno. Rafiki huyo ndiye aliyempangisha vyumba viwili uani mwa nyumba yake mtaani Shela, kwa kodi ambayo mwalimu mstaafu angeweza kuilipa.

Habari za vibali na mipaka sitazikalia sana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na Mganda leo huvuka kwenda Kenya kwa kitambulisho chake cha taifa bila pasipoti. Ardhi ni neno jingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Nilipomkumbusha Mwalimu jambo hilo alinijibu kuwa kwa upande wake miaka 99 ingemtosha. Pensheni yake huingia benki nyumbani, nayo humfikia pwani ikiwa imepungua njiani kwa kubadilishwa fedha. Mwaka mmoja ofisi fulani ilitaka kila mstaafu ajitokeze mwenyewe kuthibitisha kwamba yu hai. Mzee akasafiri siku tatu, akasimama foleni, akathibitika, akarudi siku tatu nyingine na miguu imevimba. Kiinua mgongo, ndivyo Waswahili walivyoyaita malipo ya mstaafu, na safari ile ilimwinamisha.

Nilifika Malindi wiki ya pili ya Januari 2024. Kutoka Nairobi hadi Mombasa nilipanda treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, na kutoka hapo matatu, mwendo wa kilomita 120 hivi. Kaskazi ilikuwa ikivuma. Mtu wa milimani akisikia neno "upepo" hudhani ni kitu cha kumpoza. Kaskazi ya Januari hukupepea kama mtu anayepulizia jiko. Mwalimu alikuwa amenisubiri stendi, amevaa kikoi na kofia, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakuwa na fimbo. Alitembea mbele yangu, akaniambia nitembee upande wenye kivuli.

Njiani kila mtu alikuwa na neno naye. Watoto walimwamkia shikamoo, naye akawaitikia marahaba bila kupunguza hatua. Muuza mbaazi alimwita "Mzee Mganda" na kumuuliza kama mgeni huyu ndiye mwanawe. Mama mmoja mlangoni alimuuliza habari za dawa yake ya macho. Nilijikuta nikihesabu salamu, nikafika ishirini na moja kabla hatujaingia uani. Kwetu mzee wa makamo yake husalimiwa pia kwa heshima, lakini kwetu nyumba ziko mbalimbali, kila moja na kilima chake, na mwenye magoti mabovu huweza kumaliza wiki nzima asimwone mtu ila wa nyumbani mwake. Jambo hili hakuna aliyelitaja siku ile ya bahasha, na mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria.

Jioni tulikaa barazani. Alinionyesha madaftari matatu. Ndani yake alikuwa ameandika, tangu siku alipofika, kila neno la mitaani ambalo hakuwahi kulifundisha au alilifundisha kwa umbo jingine: ndia badala ya njia, mato badala ya macho, kitwa badala ya kichwa, mtanga badala ya mchanga, nti badala ya nchi. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amesimama mbele ya ubao kama mwenye lugha, kumbe siku ya kwanza sokoni Malindi mwuza samaki alimwambia neno, akamrudisha aseme tena, mara tatu, hadi mwanamke wa watu akacheka na kumwita mtoto atafsiri. "Kiswahili changu kilikuwa na vyeti," alisema, "lakini hakikuwa na masikio."

Tulizungumza sana juu ya mkutano wa mwaka 1928, ambao ulikutana Mombasa, mji wa Kimvita, na ukaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwalimu hasemi kuwa uamuzi ule ulikuwa mbaya. Bila ya usanifu mtoto wa Kabale na mtoto wa Lindi wasingalifanya mtihani mmoja. Lakini anasema kuwa sisi tulio mbali na bahari tuliupokea usanifu kama amri ya kufuta. Ndipo alipoinuka, akaingia ndani, akatoka na kalamu nyekundu. Aliandika kwenye kipande cha karatasi, "Yuwaja: 2," akanipa. "Deni la mwaka 1995," alisema. Karatasi hiyo ninayo.

Kwenye mji ule wako wastaafu wengine waliofuata joto, nao ni wengi kuliko Waganda. Malindi ina Waitaliano wa miaka mingi. Walianza kuuzoea mwambao huu katika miaka ya sitini, walipojenga jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya mji, na mwaka 1967 wakarusha kutoka hapo setilaiti. (Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota, nayo ikapewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Walimu wenzangu wanaotafuta mifano ya maneno ya Kiswahili yaliyosafiri mbali sidhani kama watapata lililosafiri zaidi ya hilo.) Baada ya mafundi walikuja watalii, na baada ya watalii wazee waliotaka kumalizia siku zao kwenye jua. Matokeo yake kwa upande wa lugha ni ya kustaajabisha: vijana wa ufukweni wanazungumza Kiitaliano chepesi, na mimi mwenyewe, mweusi kama wao, nilisalimiwa "Ciao" mara mbili kabla mtu hajaniambia hujambo. Mwalimu akisalimiwa hivyo hujibu "Sabalkheri" kwa sauti kubwa, na kijana hulazimika kuanza upya.

Nilitaraji amseme vibaya mgeni wa namna hiyo, aliyekaa miaka ishirini kwenye mji wa watu bila kujifunza lugha yao. Badala yake alinipeleka kwa mmoja wao. Alikuwa fundi mstaafu wa miaka themanini hivi, mjane, anayekaa peke yake ndani ya ukuta mrefu wenye mibugenvilia, pamoja na mlinzi na mpishi. Alikuwa na Kiswahili cha maneno kama hamsini, yote ya kuamrisha au ya kushukuru. Miaka yote ile maneno hayo yalimtosha. Kisha siku moja alishikwa na maumivu usiku, akapelekwa hospitali, na daktari kijana akamuuliza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza yanamwumaje, naye asiwe na lugha yoyote ya kumjibu ila kuonyesha kwa mkono. Alipopona alimtuma mlinzi wake kumtafuta "yule mwalimu Mganda".

Kila Jumanne, basi, Mwalimu humwendea, wala hapokei malipo zaidi ya kahawa. Nilihudhuria somo moja. Sijapata kuona somo la Kiswahili kama lile. Mada ilikuwa mwili. Kichwa kinagonga, kichwa kinawanga. Tumbo linasokota, tumbo linakata, tumbo limejaa. Kidonda kinawasha, kidonda kinachoma. Moyo unakwenda mbio. Miguu imekufa ganzi. Maumivu yanakuja na kuondoka, maumivu hayaondoki. Mzee wa Kiitaliano alirudia kila sentensi akiweka kiganja chake mahali panapohusika, na alipokosea kitenzi Mwalimu alimsimamisha, kwa sababu, alisema, mtu akimwambia daktari kwamba kifua kinawasha ilhali kinabana, kosa hilo si la alama mbili. Wakati wa kurudi nyumbani alinung'unika juu ya vitabu vyetu. Vinamfundisha mgeni kuagiza chakula hotelini na kuuliza bei ya machungwa, vikamwachia hapo. Hakuna kitabu alichokiona kinachomfundisha mtu kuugua na kuzeeka kwa Kiswahili. Nawawekea wenzangu neno hili mbele yao, maana tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kitiwe nguvu kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, tumekuwa tukiandika mitaala, na katika mitaala niliyoisoma wagonjwa wote ni vijana na wote hupona.

Siku zikawa zinakwisha nami sijalisema neno nililotumwa. Usiku wa nne nililitoa. Nilianza kwa kuzunguka, kama adabu ilivyo, nikataja salamu za mdogo wake, nikataja paa la nyumba yake lililovuja, kisha nikasema, "Mwalimu, wazee wamenituma. Wanauliza utabebwa na nani."

Alinyamaza kitambo. Uani mjane wa rafiki yake alikuwa akikuna nazi, na sauti ya mbuzi ilisikika kama mtu anayefagia. Ndipo aliponisimulia mambo ya mwaka 2019.

Rafiki yake alifariki alfajiri ya siku ya Ijumaa. Mwalimu ni Mkristo, na hakuwahi kumzika Mwislamu. Alikuwa amefundisha darasani, mimi nikiwemo, kuwa jeneza ni sanduku la kuzikia maiti. Hivyo ndivyo tunavyolitumia neno hilo bara. Maiti ilitoka nyumbani imevikwa sanda, imelazwa juu ya kitu kama kitanda chepesi na kufunikwa nguo, na wanaume walikuwa wakipokezana mabegani, kila mtu hatua chache, aliye nyuma akipita mbele, hata ukadhani kitanda kile kinaelea chenyewe juu ya kichwa cha watu. Msikitini yeye alibaki nje, akalinda viatu. Walipotoka tena alisogea atie bega. Kijana mmoja alisita kumpisha. Mzee mmoja akasema, "Mwachieni, ni nduguye," na wakampisha. Alibeba hatua zake, akapokelewa, akazunguka, akabeba tena. "Miguu hii," aliniambia, akiipiga kofi, "ilikwenda kwa haraka siku ile. Wao hawachelewi na maiti."

Kaburini alisimama akingoja jeneza literemshwe. Halikuteremshwa. Rafiki yake aliteremshwa peke yake, kwa mikono, akalazwa kwa ubavu, na udongo ukarudishwa; kisha vijana wawili wakakitwaa kile kitanda kitupu wakakirudisha msikitini, kimngojee mwingine.

"Hapo ndipo nilipolijua neno," alisema Mwalimu. "Jeneza si sanduku. Jeneza ni engozi."

Baada ya msiba mjane alikaa eda yake, na watoto wake, ambao wako Mombasa na Muscat, wangeweza kumwambia mpangaji aondoke. Hawakumwambia. Mjane humwita shemeji. Chakula cha jioni hutoka jikoni kwake, na Mwalimu humsomea barua zake, humlipia umeme kwa simu na kuwasomesha wajukuu. Nilimuuliza mama huyu asubuhi yake, kwa hadhari, kama hatulemewi na mzee wetu. Aliniangalia kama niliyeuliza ikiwa kisima kinalemewa na maji. "Mwanangu," alisema, "huyu aliachiwa sisi. Mtu haachi amana barabarani."

Jibu la Mwalimu kwa wazee lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba harudi. Akirudi atakuwa mgonjwa wa kubebwa kabla ya wakati wake, na hapo ndipo atakapokuwa mzigo wa engozi kweli kweli. Ya pili ni kwamba akifa Malindi, watoto wake wasiuze shamba kwa ajili ya kusafirisha maiti. Kanisa lake lina makaburi. Mnamo miaka mitano alikuwa amehesabu jirani kumi na wanne aliowatilia bega, Waislamu na Wakristo, Wagiriama na Wabajuni na Waswahili wa mji, na majina yao alikuwa ameyaandika katika kurasa za nyuma za daftari la tatu, baada ya maneno. Aliyanakili kwenye karatasi safi, akanikabidhi. "Waulize wazee," alisema, "kama mabega ya huku yanahesabiwa huko."

Kwa sehemu ile ya pili sikukubaliana naye, na nilimwambia. Mtoto aliyemzika baba yake mahali asipoweza kupapalilia hukaa na jambo hilo maisha yake yote, na sidhani mzazi ana haki ya kumwamulia peke yake, hata akiwa na sababu nzuri za fedha. Alinisikiliza kwa uvumilivu uleule aliousikiliza nao utetezi wangu wa majibu mabovu zamani. Hakujibu. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi ufukweni. Mbele yetu ukanda mpana wa bahari ulikuwa na rangi ya matofali, kwa sababu mto Sabaki humwaga humo udongo unaoukokota kutoka nyanda za juu za Kenya. Watalii huulalamikia. Mwalimu aliunyoshea kidole. "Unaona? Udongo wa bara nao umestaafia hapa."

Niliporudi Kabale niliitwa kwenye kikao cha engozi, wiki ya kwanza ya Februari, katika uwanja wa shule ya msingi. Nilisema yote kama nilivyotumwa, nikasoma majina kumi na manne, nikayatamka polepole kwa kuwa yalikuwa mageni masikioni mwao. Mdogo wake Mwalimu alilia. Mwanawe aliondoka kabla sijamaliza, akaenda akasimama penye mti. Mjumbe mmoja alisema kwamba bega la Malindi halikuipunguzia machela yetu hata ratili moja, na wengine wakaitikia. Mwanamke mkongwe, ambaye hatulii kikaoni asiposema, akauliza watoto wetu walioko Kampala na Kigali wakianguka barabarani huinuliwa na chama gani. Ubishi ulikwenda hadi jua likawa linazama na baridi ikatuingia.

Mwenyekiti alisema kwamba jambo hili haliwezi kukatwa siku moja; likatwe kikao kijacho, lakini majina yaingizwe daftarini kwanza, yasipotee. Katibu, kijana niliyemfundisha mwenyewe, akafungua ukurasa mpya, akachora mistari, akaandika jina la Mwalimu juu. Daftari lote limeandikwa kwa Rukiga. Akaniuliza waliobebwa kule walibebwa juu ya nini, ili aandike.

"Andika jeneza," nikamwambia.

Aliandika, kisha akainua kichwa. "Si ndilo lile sanduku, Mwalimu?"

Nikavuta kiti karibu naye, nikaanza kumweleza.